Jarife limekatwa na meli ya utafiti wa gesi: ulalamike wapi kwanza?

Chukua mvuvi wa Kiunga, kule kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, ambako ukivuka kidogo tu uko Ras Kamboni. Jioni ametega jarife. Alfajiri anarudi kulivuta, anakuta maboya mawili na kipande cha wavu chenye ncha zilizokatika sawasawa, kama kwa kisu. Usiku ule meli ya utafiti imepita ikiburura nyaya zake ndefu, zile zinazosikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini ya sakafu ya bahari. Jarife lenyewe bado lina deni dukani.

Mfano huu nimeutunga, lakini maswali yake si ya kutunga. Kenya inasema bahari hiyo ni yake. Somalia inasema ni yake. Kampuni ina leseni ya upande mmoja, na upande wa pili unaiita leseni hiyo karatasi tupu. Mvuvi akiuliza alalamike wapi, kila anayemjibu anaanza na mpaka. Mimi nadhani mpaka ndio kitu cha mwisho anachopaswa kuanza nacho, na nitaeleza kwa nini huku nikilinganisha njia zilizopo.

Mstari wa The Hague unasaidia nini?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, tarehe 28 Agosti 2014. Kenya ilitaka mpaka uende mashariki moja kwa moja kwa mstari wa latitudo. Somalia ilitaka mstari wa kati, unaoteremka kusini-mashariki kufuata mwelekeo wa nchi kavu. Baina ya mistari hiyo kuna pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Humo ndimo Kenya ilikuwa imetoa vitalu vya utafiti mwaka 2012: L21, L23 na L24 kwa Eni ya Italia, na L22 kwa Total ya Ufaransa. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji walichora mstari wao, wakaanza na ule wa kati kisha wakausogeza kidogo kwa faida ya Kenya. Nairobi ikatangaza kwamba haiutambui.

Kuna kipande cha hukumu hiyo ambacho ningependa kila kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ikisome. Kenya ilidai kuwa mstari wa kati ungewaangamiza wavuvi wake. Mahakama haikushawishika. Ilisema lazima iwaangalie watu wa pande zote mbili za mstari, na kwamba ushahidi uliokuwa mbele yake haukuonyesha madhara ya kiasi hicho. Yaani wavuvi walitajwa, lakini wao wenyewe hawakuwamo chumbani, wala daftari zao za samaki. Mbajuni mwenye shangazi Kiunga na binamu Kismayu hana kiti katika kesi ya mataifa, na hukumu hata ikiwa nzuri vipi haimlipi mtu jarife.

Kwa bahati, wajibu wa kampuni hausubiri mstari. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni elekezi 31 za biashara na haki za binadamu, zilizoandaliwa chini ya John Ruggie. Kanuni hizo zinasema kampuni inapaswa kuheshimu haki za watu popote inapofanya kazi, serikali ya mahali hapo iwe inaweza au haiwezi, iwe inataka au haitaki. Penye mgogoro, inatakiwa iwe makini zaidi. Kanuni si sheria, hakuna askari atakayekuja kuzitekeleza, lakini karibu kila njia nitakayoitaja hapa inazitumia kama kipimo. Kwa hiyo swali la kuiuliza kampuni ni hili: kabla hujaleta meli, ulimuuliza nani anayevua hapa, msimu gani, kwa zana gani, na ulipanga kufanya nini akipata hasara?

Dawati la kampuni dhidi ya kituo cha OECD

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu zote hazihitaji wakili wala ada, na kwa sababu watu wengi huijua ya kwanza tu.

Dawati la malalamiko la kampuni ndilo la karibu. Kuna afisa wa uhusiano na jamii, kuna fomu, na mambo yakienda vizuri mtu analipwa wavu ndani ya wiki chache. Kwa hasara ndogo inayohesabika, wavu, mashine ya boti, siku mbili za kutovua, ningeanza hapo bila kusita. Ubaya wake unajulikana: anayekuamulia ndiye uliyemshtaki, na rejista iko kwake. Niliwahi kukaa na wazee kwenye banda la samaki tukitafuta nakala ya malalamiko waliyoyapeleka kwa mkandarasi mmoja miaka ya nyuma. Kilichobaki ni kumbukumbu tu kwamba "kijana wa kofia nyeupe alichukua karatasi". Jina la kijana, hakuna. Tarehe, walibishana. Ukienda dawati la kampuni nenda na nakala mbili, moja igongwe mhuri au isainiwe na mpokeaji, nawe uipige picha palepale.

Na kuna fomu ya kupokea malipo. Mara nyingi mistari yake ya chini inasema kwamba kwa kupokea pesa hizi unasamehe madai yote, ya sasa na ya baadaye. Mtu anasaini kwa ajili ya bei ya jarife, kumbe amesaini na kwa ajili ya samaki ambao huenda hawatarudi kwenye mwamba ule. Mwambie afisa aandike kwamba malipo ni ya jarife la tarehe fulani, basi. Akikataa, hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Kituo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ni kitu tofauti kabisa. Nchi zilizokubali miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa, miongozo iliyoongezewa sura ya haki za binadamu mwaka 2011, zinalazimika kuwa na ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya kampuni zao hata kama kosa limetendeka ng'ambo. Italia inayo, Ufaransa inayo, Uingereza, Norway, Uturuki. Hilo la Uturuki si dogo kwetu, kwa kuwa ni meli yake, Oruç Reis, iliyokwenda kupima bahari ya Somalia kuanzia Oktoba 2024 kwa makubaliano ya serikali hizo mbili. Qatar haimo. Kampuni yake ya taifa iliponunua hisa 25 kwa mia katika vitalu vingine vya Eni na Total baharini Kenya mwaka 2019, haikuja na mlango wa aina hii. Unabaki kugonga kwa wenzake wa Roma na Paris.

Kinachonivutia kwenye njia hii ni kwamba haikuulizi bahari ni ya nani. Inauliza kampuni ni ya nani. Kwa maji yenye mgogoro hiyo ni nafuu kubwa, kwani mvuvi wa Kiunga na wa Ras Kamboni wanaweza kutia saini barua moja bila yeyote kati yao kukana nchi yake.

Je, inazaa kitu? Mara nyingine. Mwezi Oktoba 2013 shirika la WWF lilipeleka malalamiko katika kituo cha Uingereza dhidi ya kampuni ya Soco, iliyokuwa ikitafuta mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo. Juni 2014 Soco ilikubali kutoka. Miezi minane. Wavuvi wa ziwa lile hawakuhitaji kusubiri mwanasheria wa London. Mfano wa pili ni mdogo, na mimi naupenda zaidi kwa udogo wake: watu wa Aggah, huko Nigeria, walikuwa wakifurikwa na maji kila msimu wa mvua tangu tuta za kampuni tanzu ya Eni zizibe njia za maji. Mwishoni mwa 2017 walilalamika katika kituo cha Italia, na mwaka 2019 wakapata makubaliano ya kujengewa mitaro. Pesa kubwa hawakupata. Walichopata ni ahadi ya maji kupita.

Udhaifu uko wazi: kituo hakiwezi kulazimisha. Ni mapatano. Kampuni ikikataa kuja mezani, ofisi itaandika taarifa na kuifunga faili. Lengo lao ni kama mwaka mmoja, na mengi hupita hapo. Nguvu yake ni taarifa yenyewe, yenye jina la serikali ya Italia au Ufaransa juu, ambayo benki na wawekezaji huisoma.

Malindi au London?

Hapa watu hubishana sana, na wengi huvutwa na London kwa sababu ya pauni. Tuanze nyumbani.

Mwaka 2012 wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani kupinga namna bandari mpya ilivyokuwa ikijengwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikubaliana nao: haki yao ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kupewa habari ilivunjwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Kisha ikaja rufaa, yakaja mazungumzo ya pesa taslimu kiasi gani na vifaa kiasi gani, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 wavuvi wakiwa bado wanangoja. Kushinda kulichukua miaka sita. Kupokea kukawa safari nyingine.

Faida ya mahakama ya Kenya ni kwamba Katiba inampa mtu haki ya kwenda kuzuia madhara kabla hayajatokea. Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba mlalamikaji wa mazingira halazimiki kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara. Kama lengo lako ni kusimamisha uchimbaji ambao tathmini yake ya mazingira ilifanywa kwa haraka, au mkutano wa wananchi uliitishwa wavuvi wakiwa baharini, hapa ndipo. London haitakufanyia hilo. London ni ya fidia baada ya msiba.

Lakini mahakama ya Malindi ina tatizo moja katika pembetatu ile. Jaji wa Kenya ataanza kwa kuichukulia bahari hiyo kuwa Kenya. Mvuvi wa upande wa Somalia aliyepoteza wavu huohuo, kwa meli hiyohiyo, atafanywa nini? Na kampuni ikipewa leseni na Mogadishu, siyo Nairobi, wakili wake atakuwa na hoja ya kwanza kabla hajakunywa chai.

Sasa London. Mwaka 2008 bomba la Shell lilipasuka mara mbili huko Bodo, Niger Delta, na mikoko na vijito vikajaa mafuta. Wavuvi walishtaki Uingereza, na Januari 2015 Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu 15,600 mmoja mmoja, na milioni 20 kwa jamii. Baadaye Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaufungua mlango zaidi, mwaka 2019 katika kesi ya wanakijiji wa Zambia dhidi ya Vedanta, na mwaka 2021 katika kesi nyingine ya Nigeria dhidi ya Shell. Ilisema kampuni mama inaweza kuwajibika kwa madhara ya kampuni tanzu ikiwa ilikuwa na mkono katika kuiendesha.

Ukiishia hapo utaona London ni peponi. Soma na kesi ya Bonga. Tarehe 20 Desemba 2011 mafuta yalimwagika baharini kwenye eneo la uchimbaji la Bonga, kiasi cha kilomita 120 kutoka pwani ya Nigeria, takriban mapipa 40,000. Watu zaidi ya 27,000 walidai yaliwafikia. Muda wa kisheria ulikuwa miaka sita, na sehemu ya madai dhidi ya kampuni iliyopaswa kushtakiwa ililetwa baada ya muda huo kupita. Mawakili wakajaribu kusema kwamba mafuta bado yako kwenye ardhi, kwa hiyo kosa linaendelea kila siku. Mei 2023 Mahakama ya Juu ikakataa: kumwagika kulitokea mara moja, na saa ilianza kuhesabu siku hiyo. Nimeirudia hukumu hiyo mara kadhaa na kila mara naumia, maana ndiyo inayofanana zaidi na hali yetu. Jambo linatokea mbali, usiku, hakuna aliyeliona. Mvuvi anahisi tu kwamba samaki wamepungua, anavumilia kusi, anavumilia kaskazi, anasema mwaka ujao itakuwa heri. Mahakama haikuhesabu subira hiyo.

Paris ina sheria yake ya Machi 2017 inayozitaka kampuni kubwa za Ufaransa ziwe na mpango wa kuzuia ukiukaji wa haki za binadamu, hata ng'ambo. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yaliishtaki Total mwaka 2019 kwa ajili ya mafuta ya Ziwa Albert na bomba la kuja Tanga. Miaka miwili ilikwisha kwa kubishania ni mahakama ipi isikilize. Februari 2023 ombi likatupwa bila kiini kuguswa, kwa sababu madai yaliyofika kwa jaji yalikuwa yameachana na yale ya barua ya kwanza ya onyo. Barua ya onyo ndiyo inayofunga kesi yote, kwa hiyo asiiandike mtu mwenye haraka. Kesi nyingine ya kudai fidia ilifunguliwa Juni mwaka huohuo na Waganda wenyewe pamoja na mashirika.

Jinai nayo imo. Baada ya shambulio la Palma, Msumbiji, Machi 2021, karibu kabisa na mradi wa gesi wa Total, manusura na ndugu wa waliouawa walipeleka malalamiko Ufaransa Oktoba 2023, na Machi 2025 waendesha mashtaka wakafungua uchunguzi. Kwa jarife njia hiyo haifai hata kidogo. Naitaja kwa sababu penye mgogoro gesi huja na wanajeshi na boti za doria, na mvuvi huweza kupoteza zaidi ya wavu.

Wenye pesa

Njia hii husahaulika, na kwa maji yenye mgogoro nadhani ndiyo inayodharauliwa bila sababu. Kampuni za Kosmos na Cairn zilichimba kisima katika bahari ya Sahara Magharibi, kwa leseni ya Moroko, kati ya Desemba 2014 na Machi 2015. Hapakuwa na mahakama iliyozisimamisha. Lakini mwaka 2016 mfuko wa pensheni wa serikali ya Norway uliuza hisa zake katika kampuni zote mbili na kutaja sababu hadharani: kuchimba kwenye bahari ya watu ambao hawakuulizwa. Miaka michache baadaye Kosmos ilikuwa imeondoka. Siwezi kusema ni barua ya Oslo pekee iliyoiondoa, kwa kuwa kisima hakikuwa na gesi ya kutosha kibiashara, ila mhasibu anapopiga hesabu vitu hivyo viwili huingia kwenye karatasi moja.

Ikiwa fedha za mradi zimetoka kwa mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha kampuni binafsi, kuna ofisi yake ya malalamiko. Wavuvi wa Mundra, India, waliipitia, wakapata ripoti iliyowaunga mkono, benki ikaipuuza, wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 2019 kushinda hoja kwamba benki haina kinga kamili ya kutoshtakiwa, kisha wakashindwa tena chini. Ni njia ya wenye pumzi.

Ningemwambia nini mtu wa Kiunga

Kama ni wavu mmoja, dawati la kampuni, na nakala yenye mhuri. Kama ni msimu mzima na vijiji kadhaa, barua hiyohiyo iende Roma, Paris au Ankara kutegemea meli ni ya nani, ikiwa na majina ya pande zote za mpaka, na nakala kwa mfuko wowote mkubwa wenye hisa. Kama kisima hakijachimbwa na hamkushirikishwa, Malindi, na upesi. London na Paris ziachwe kwa msiba mkubwa, na hata hapo wakili atafutwe mwaka wa kwanza, si wa tano.

Njia hizi hazizuiani, ila mpangilio una maana: malalamiko yaliyokwisha kupokelewa kwa kampuni huipa barua ya OECD uzito, na kesi ya mahakama ikishafunguliwa baadhi ya vituo husita kuendelea.

Zote zitadai kitu kimoja, na hicho hakihitaji wakili: daftari la BMU. Kilo za nguru na changu kwa siku, boti ngapi zilitoka, upepo gani, kabla ya meli kuja na baada. Wale majaji wa The Hague walikosa hasa kitu cha namna hiyo. Picha ya ncha za wavu ulipokatwa, pamoja na boya na namba yake, ipigwe siku hiyohiyo kabla fundi hajaanza kushona.

Kwenye fomu kutakuwa na nafasi imeandikwa "nchi" au "mahali pa tukio". Usiandike Kenya, usiandike Somalia. Ukiandika moja, kampuni itakutuma kwa nyingine, na mvuvi aliyevuka mstari asioujua anaweza kujikuta yeye ndiye anayeulizwa maswali. Fungua simu, soma latitudo na longitudo za pale ulipolikuta boya, andika tarakimu hizo na saa.